Taa za gari barabara kuu: sheria inataka nini hasa, na kwa nini taa kali si lazima iwe taa salama

Kila mara polisi wanapotangaza msako wa vimulimuli, ving'ora na taa zilizoongezwa, mafundi umeme wa magari hupata kazi ya kujibu maswali kuliko ya kufunga waya. Mwenye Noah anataka kujua kama taa zake nyeupe za LED zimo kwenye katazo. Mwenye Fuso anauliza habari ya taa nne alizofunga juu ya kichwa cha gari. Dereva wa basi analalamika kwamba amesimamishwa kwa sababu ya balbu moja ya nyuma iliyoungua, ilhali taa zake za mbele zinawaka hadi mtu anadhani kumekucha. Kijiweni kila mmoja ana jibu lake, na majibu hayo hayafanani.

Mkanganyiko huu una uzito zaidi sasa kuliko miaka kumi iliyopita. Mwaka 2023 mabasi ya mikoani nchini Tanzania yaliruhusiwa tena kusafiri usiku kucha, baada ya marufuku iliyodumu miaka mingi. Maana yake ni kwamba saa nane za usiku, pale Mikese au kwenye kona za Kitonga, hakuna malori peke yake tena. Kuna watu hamsini na kitu wamelala ndani ya basi, na uhai wao unategemea kama dereva wao ataliona trela lililoharibika mbele yake mapema au atachelewa.

Nitaeleza kwa mpangilio ninaouona rahisi: kwanza taa zenyewe na kazi zake, kisha sheria inavyofikiri, halafu yale yanayobishaniwa zaidi.

Taa zipi ni zipi

Mbele ya gari kuna taa kubwa, na ndani yake kuna mianga miwili. Fulu ni ule unaokwenda mbali na juu, wa kutumia pale barabara ikiwa tupu. Dimu ni ule unaoinamishwa chini na kusukumwa upande wa kushoto wa barabara, ili usimpige machoni anayekuja. Pembeni mwa hizo kuna taa ndogo za paki, ambazo kazi yake si kumulika chochote, ni kuonyesha tu kwamba hapa kuna gari na upana wake unaanzia hapa unaishia pale.

Nyuma kuna taa nyekundu zinazowaka muda wote taa za mbele zikiwa zimewashwa, taa za breki ambazo ni nyekundu pia ila kali zaidi, taa nyeupe ya rivasi, na kataa kadogo kanakomulika namba ya gari. Indiketa ni za rangi ya machungwa, na zikiwaka zote nne kwa pamoja ndiyo hazadi. Mwisho kuna viakisi, ambavyo madereva wengi huviita rifleka. Hivi havitumii umeme hata kidogo. Vimetengenezwa ili mwanga ukivipiga urudi kule kule ulikotoka, yaani machoni mwa dereva aliyemulika. Ndiyo maana kiakisi cha ukubwa wa kiganja kinaweza kumwokoa mwenye lori ambalo betri yake imekufa kabisa.

Ukiziangalia taa hizi kwa makini utaona zimegawanyika katika kazi mbili. Chache ni za wewe kuona. Nyingi zaidi ni za wewe kuonekana, na za kuwaeleza wengine unataka kufanya nini. Hizi za pili zinafanya kazi ile ile ya hodi: mgeni hajitokezi tu katikati ya sebule ya watu, anajitambulisha akiwa bado nje ili wenyeji wajiandae. Gari linaloingia barabara kuu bila taa za nyuma limeingia bila hodi, na mwenyeji wake ni basi linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa.

Sehemu kubwa ya ubishi wa mtaani inaanzia hapa. Dereva hupima taa kwa swali moja: mimi naona? Sheria inauliza maswali mawili ya ziada: wengine wanakuona wewe? Na je, wakikuona, bado wanaweza kuona barabara?

Sheria inavyofikiri

Kwa Tanzania, sheria mama ni Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ambayo ni ya mwaka 1973, pamoja na kanuni zilizotungwa chini yake. Kwa Kenya ni Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na kifungu chake cha 55 kinasema wazi kwamba gari halitatumika barabarani isipokuwa gari lenyewe na sehemu zake zote, taa na tairi zikiwemo, zimetimiza masharti na zinatunzwa wakati wote katika hali isiyoweza kuleta hatari. Shika hayo maneno “wakati wote”, tutayarudia.

Nyuma ya sheria za nchi moja moja kuna mikataba ya kimataifa, na unaojulikana zaidi ni Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani. Makubaliano ya aina hiyo ndiyo yanayofanya gari lililoundwa Japani au Ujerumani liwe na taa zinazoeleweka Singida. Kanuni ya kwanza ya Mkataba wa Vienna ni ya rangi. Mbele hapatakiwi taa nyekundu, wala nyuma hapatakiwi taa nyeupe, isipokuwa rivasi na ile ya kumulika namba. Sababu ni ya maisha na kifo. Gizani huoni umbo la gari, unaona nukta za mwanga tu. Ukiona nyekundu, ubongo unakwambia chombo kile kimekupa mgongo, kinaenda unakoenda au kimesimama. Ukiona nyeupe, unajua kinakuja kwako. Mtu aliyebandika taa nyeupe nyuma ya lori lake kwa ajili ya urembo amemdanganya anayemfuata kuhusu jambo kubwa kuliko yote, na ana sekunde mbili au tatu za kugundua kwamba amedanganywa.

Hapo hapo ndipo vimulimuli vinapokatazwa. Taa za kumeta za buluu na nyekundu zimetengwa kwa magari ya dharura, kama polisi, zimamoto na wagonjwa. Zikiwa kwenye kila gari la mtu mwenye haraka, watu wanazoea, na siku ambulensi inakuja kweli hakuna anayesogea. Ninaunga mkono katazo hili moja kwa moja, na ningependa kuliona likisimamiwa bila kuangalia nani amekaa kiti cha nyuma.

Baada ya rangi ni umbali. Mkataba wa Vienna, kama ulivyoandikwa awali, ulitaka fulu imulike barabara angalau mita 100 mbele ya gari usiku usio na ukungu, na dimu angalau mita 40. Taa nyekundu za nyuma zinatakiwa zionekane kutoka mita 300. Namba ya nyuma isomeke kutoka mita 20. Viakisi vya nyuma vionekane kutoka mita 150 vikimulikwa na taa za gari jingine.

Linganisha hizo namba. Taa ya kumulika imepewa mita 40 au 100. Taa ya kuonekana imepewa mita 300. Balbu ya nyuma ambayo dereva wetu wa basi aliiona si kitu, kwa hesabu ya sheria, inafanya kazi umbali mkubwa kuliko taa zake za mbele anazojivunia.

Hesabu ya dimu

Hili jambo halisemwi vya kutosha, kwa hiyo nitalitulia kidogo.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mabasi na malori makubwa kwenye barabara kuu za Tanzania, linapita mita 22 kila sekunde. Kitabu cha kanuni za barabarani cha Uingereza kinakadiria kwamba gari dogo kwenye mwendo huo linahitaji mita 53 kusimama kwenye lami kavu, ukihesabu muda wa dereva kushtuka na muda wa breki kushika. Lori lenye mzigo linahitaji zaidi. Lami ikiwa na maji ongeza tena.

Sasa chukua dimu inayofika mita 40 tu. Unakiona kitu kikiwa mita 40 mbele, wewe unahitaji 53. Zile mita 13 zilizobaki utazimalizia juu ya kitu chenyewe. Si kwamba umelala wala umelewa. Ni kwamba unaendesha kwa kasi kuliko macho yako.

Dimu iliyotegeshwa vizuri kwenye gari la kisasa hufika mbali kidogo kuliko kiwango hicho cha chini, hasa upande wa kushoto. Lakini nafasi inayoongezeka ni ndogo, na hesabu hii inaeleza kwa nini trela lisilo na taa za nyuma linaua watu ambao walikuwa macho na wanaendesha ndani ya ukomo wa mwendo. Pia inatoa kanuni ambayo hakuna trafiki anayeweza kuisimamia kwa niaba yako: ukiwa kwenye dimu, kasi yako iendane na umbali unaoonekana, wala si na kibao cha 80 kilichoko pembeni.

“Taa kali ndiyo usalama”

Hii ndiyo imani iliyojaza barabara zetu taa za kupofusha. Ukali peke yake hausemi lolote. Jambo la msingi ni mwanga unaenda wapi.

Ndani ya taa ya kawaida ya halojeni kuna uzi mdogo unaowaka, na kioo kinachong'aa nyuma yake kimekokotolewa kwa ajili ya uzi huo uliokaa mahali hapo hapo, kwa umbo hilo hilo. Ukichomoa ile balbu na kuchomeka ya LED au zenoni ya dukani, chanzo cha mwanga kimehama kwa milimita chache na umbo lake limebadilika. Kwa kioo kile, milimita chache ni nyingi. Mwanga unatapanyika. Sehemu yake inaangukia karibu na bampa, na wewe dereva unaona nje kumeng'aa, unaridhika. Sehemu nyingine inapaa juu ya ule mstari ambao dimu haipaswi kuuvuka, moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja. Ule mwangaza mkali wa karibu nao unakudhuru wewe mwenyewe, maana jicho lililozoea mwanga mwingi mbele ya bampa linashindwa kuona kilichopo gizani mbali.

Kwa hiyo mwenye Noah wetu ajibiwe hivi: LED si haramu kwa kuwa ni LED. Gari lililotoka kiwandani na taa za LED limetengenezewa nyumba ya taa inayolingana nazo. Tatizo ni LED ya kubandika ndani ya nyumba ya halojeni. Na mwenye Fuso ajibiwe kwamba taa za juu ya kichwa cha gari ni za porini na mashambani. Kwenye barabara kuu yenye magari yanayopishana zinamtoa mwenzako barabarani, na hakuna namna ya kuziinamisha.

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Dimu haina umbo sawa pande zote mbili. Upande mmoja wa mwanga umenyanyuliwa ili umulike ukingo wa barabara, waenda kwa miguu na vibao. Kwa nchi zinazoendesha kushoto kama Tanzania, Kenya, Uganda na Japani, upande ulionyanyuliwa ni wa kushoto. Magari ya Japani, kwa bahati nzuri, yanatufaa yalivyo. Lakini lori mtumba kutoka bara la Ulaya, au lililosajiliwa Kongo, Rwanda au Burundi ambako huendeshwa kulia, mara nyingi lina taa zilizonyanyuliwa upande wa kulia. Likiwa kwenye barabara ya Morogoro, ule upande wa juu unaelekea kwa anayekuja. Dereva wake amewasha dimu kwa uaminifu kabisa, na bado anapigiwa fulu na kila anayepishana naye hadi anaanza kuamini Watanzania wana hasira. Madereva wa Uingereza wakivuka kwenda Ufaransa hubandika vibandiko maalumu kwenye vioo vya taa ili kuzuia jambo hili hili. Kwa lori litakalobaki huku miaka yote, dawa ni kubadili taa zenyewe.

Jipime mwenyewe ukutani

Huhitaji mashine ya kupimia taa ili kujua kama unawapofusha wenzako. Tafuta ukuta ulionyooka na mahali tambarare, jioni giza likiingia. Simamisha gari mita 5 kutoka ukutani. Pima kutoka chini hadi katikati ya taa kubwa, kwa gari dogo itakuja kama sentimita 65. Weka alama ukutani kwa urefu huo huo, kisha washa dimu.

Utaona mwanga una mstari wa juu ulio wazi. Mstari huo unatakiwa uwe chini ya alama yako kwa karibu sentimita 5. Ukiwa hivyo, mwanga wako utagusa lami kama mita 65 mbele, ambapo ni pazuri. Sasa tuseme uko juu ya alama kwa sentimita 5, tofauti ambayo ukutani inaonekana ndogo mno. Ukifika mita 50, zile sentimita 5 zimekuwa 50. Jumlisha na 65 za urefu wa taa, unapata sentimita 115 kutoka chini, na hapo ndipo macho ya dereva wa gari dogo anayekuja yalipo.

Ukishamaliza, mwombe mtu aweke magunia matatu ya mahindi kwenye buti, kisha angalia tena. Nyuma imekaa, pua imenyanyuka, mstari umepanda. Magari mengi yana kagurudumu kadogo karibu na usukani, kenye namba 0 hadi 3, na wenye magari wengi hawajawahi kukagusa. Kazi yake ni hii tu: gari likiwa tupu liwe 0, mzigo ukiongezeka namba iongezeke, na taa zinainama.

Ukipofushwa na mwingine, usimlipe kwa fulu. Sasa mko vipofu wawili mnaopishana kwa nafasi ya mita moja na nusu. Punguza mwendo, macho yahamie kwenye mstari wa ukingo wa kushoto mpaka apite. Jicho huchukua sekunde kadhaa kurudi katika hali yake, na tatu tu kati ya hizo, kwenye 80, ni mita 66 za kuendesha bila kuona. Zile miwani za njano zinazouzwa stendi kama “miwani za usiku” hazisaidii hapa, maana zinapunguza mwanga unaofika machoni, na usiku mwanga ndio unaokosekana.

Hazadi na lugha ya malori

Hazadi zimewekwa kusema neno moja: nimekwama, au nimekuwa hatari mahali nilipo. Mtaani zimepewa kazi nyingine tatu. Watu huziwasha kwenye makutano kumaanisha “nanyoosha”. Huziwasha wakiendesha kwenye mvua kubwa. Na huziwasha wakisimama mahali palipokatazwa, kana kwamba ni kibali.

Ya kwanza ni hatari kwa sababu aliye upande wako wa kushoto, akiona indiketa yako moja tu kwa kuwa nyingine imezibwa na gari jingine, anajua unakata kwake. Anayenyoosha hahitaji ishara yoyote. Ya pili inaua indiketa zako: hazadi zikiwaka, huwezi tena kumwambia mtu kwamba unahama njia, na anayekufuata kwenye mvua hajui umesimama au unatembea. Kwenye mvua washa dimu, punguza mwendo, na kama hali imezidi toka kabisa barabarani. Ya tatu haina utetezi wowote.

Lugha ya malori inataka uangalifu zaidi kwa sababu imejengwa kwa nia njema. Kila anayesafiri barabara ya Dodoma anaijua: lori lililoko mbele likiwasha indiketa ya kushoto linakwambia pita, likiwasha ya kulia linakwambia subiri, kuna chombo kinakuja. Imewasaidia wengi. Lakini indiketa ya kulia kisheria ina maana moja, nakata kulia au nahamia kulia, na ya kushoto vivyo hivyo. Siku dereva wa lori anapowasha kushoto kwa sababu kweli anaingia kituo cha mafuta, na wewe ukadhani umepewa ruhusa, umeshatoka upande wako. Likitokea la kutokea, aliyepita ndiye atakayeulizwa kama alihakikisha njia ni nyeupe. Ishara ya lori ichukue kama taarifa ya mtu aliyekaa juu zaidi yako, kisha hakikisha kwa macho yako mwenyewe.

Kuhusu indiketa yenyewe, inatakiwa imete kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Kwenye magari mengi, ukisikia imeanza kwenda mbio upande mmoja, balbu ya upande huo imeungua. Hiyo ni taarifa ya bure, usiipuuze.

Pembetatu, na majani ya miti

Gari likiharibika, desturi yetu ni kukata matawi na kuyapanga barabarani. Mchana yanafanya kazi, hata mtoto anajua matawi kwenye lami yanamaanisha nini. Usiku hayafanyi kazi hiyo. Jani halirudishi mwanga kwa dereva, linaumeza. Linaonekana pale tu linapoingia ndani ya zile mita 40 za dimu, na tumeshaona mita 40 hazitoshi. Kinachotumika pamoja na matawi ni mawe, na mawe ni mabaya maradufu kwa sababu gari likishatengenezwa lenyewe linaondoka, yenyewe yanabaki. Mwendesha bodaboda anayekuja saa kumi na moja alfajiri hajui kwamba hapo palikuwa na lori.

Pembetatu ya kuakisi imewekwa kwenye orodha ya vifaa vya lazima kwa sababu hiyo, na madereva wengi wanayo, ikiwa bado ndani ya nailoni yake, ya kumwonyesha trafiki. Itoe. Kosa la pili ni kuiweka mita tano nyuma ya bampa. Anayeiona hapo ameshachelewa. Rudi kwenye hesabu: gari dogo kwenye 80 linahitaji mita 53, kwa hiyo pembetatu iliyo chini ya hatua 60 kubwa kutoka kwenye gari inawapa watu taarifa ambayo hawawezi kuitumia. Kwa malori na mteremko, nenda mbali zaidi. Kama umekwama baada ya kona au nyuma ya kilele cha mlima, iweke kabla ya kona au kabla ya kilele, hata kama umbali unakuwa mkubwa, maana pembetatu isiyoonekana mpaka mtu amemaliza kona haina faida. Weka nyingine upande wa mbele kama barabara ni ya njia mbili. Unapokwenda kuiweka, tembea nje ya lami, ukiwa umeishika kifuani ikiwatazama wanaokuja.

Na abiria washuke, wakae mbali na barabara, upande wa kushoto. Kusimama nyuma ya gari lililoharibika huku mnamtazama fundi ndiko kulikoua watu wengi waliokuwa wamenusurika kwenye ajali ya kwanza.

Matrela

Trela ni kitu kirefu, kipana, cheusi kwa vumbi, na taa zake zote za nyuma zinategemea waya mmoja uliojikunja kama kamba ya simu za zamani kati ya kichwa na bodi. Soketi ile hujaa matope na kutu. Waya wa athi, yaani ule unaokamilisha mzunguko wa umeme, ukilegea utaona jambo la ajabu: dereva anakanyaga breki, indiketa ndiyo inapepesa, au taa zote zinafifia kwa pamoja. Wengi hubadilisha balbu tatu kabla ya kwenda kusugua soketi kwa msasa, kazi ya dakika kumi.

Kwa kuwa umeme wa trela ni dhaifu hivyo, viakisi ndivyo tegemeo. Mkataba wa Vienna umeyapa matrela viakisi vya umbo la pembetatu, ncha ikiwa juu, na magari ya kawaida hayaruhusiwi kuwa na umbo hilo. Ukiona gizani pembetatu mbili nyekundu, jua mbele yako kuna kitu kirefu. Zile tepu za kuakisi za nyuma na ubavuni nazo zinafanya kazi kubwa pale lori linapogeuza na kuziba barabara nzima, wakati ambao taa zake za mbele na za nyuma zote zimeangalia porini. Ila tepu yenye tope ni sawa na hakuna. Utingo mwenye kitambaa na ndoo ya maji kabla ya jua kuzama ameokoa watu asiowajua.

Vifaa vingine na suala la stika

Breki, tairi, waipa, honi, vioo, mikanda na mtungi wa kuzimia moto vyote vimo kwenye ukaguzi, na kila kimoja kingestahili makala yake. Kwa tairi nitasema mawili tu. Kashata, yaani ile michoro yenye mifereji ya tairi, ikiisha, maji hayana pa kutokea, na tairi inaelea juu yake. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kiwango cha chini cha milimita 1.6 kwa magari madogo. La pili ni umri: ubavuni mwa tairi kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu, mfano 2319, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi mtumba yenye kashata nzuri inaweza kuwa na miaka kumi na miwili, na mpira wake umeshakakamaa. Soma hizo namba kabla ya kulipa.

Kisha kuna stika ya Nenda kwa Usalama, ile inayobandikwa baada ya gari kukaguliwa. Imani iliyoenea ni kwamba stika ikishabandikwa kwenye kioo, gari limehalalishwa mwaka mzima. Ukaguzi ni picha ya siku ile. Balbu inaweza kuungua jioni yake. Yale maneno ya sheria ya Kenya, “wakati wote”, ndiyo msimamo wa sheria hizi kwa jumla, na trafiki akikukuta Chalinze huna taa ya breki, stika haitakujibia.

Wala kosa si la dereva peke yake. Sheria humgusa anayeendesha na pia mwenye gari aliyeruhusu liendeshwe likiwa bovu. Bima nyingi nazo zina sharti kwamba gari litunzwe katika hali salama. Kwa hiyo dereva uliyeajiriwa, bosi akikwambia “nenda hivyo hivyo, tutatengeneza ukirudi”, mtumie ubovu huo kwa ujumbe wa maandishi, wenye tarehe, kabla hujawasha gari. Na usianze safari ya usiku kabla hujazunguka gari zima, jua likiwa bado halijazama, huku mtu mwingine akikanyaga breki, akiwasha indiketa moja moja na kuingiza rivasi. Ndani ya gari kuwe na balbu za akiba za nyuma na za indiketa, fyuzi za saizi zinazotumika kwenye gari lako, na bisibisi inayofungua kioo cha taa ya nyuma. Vitu hivyo vyote vinaenea kwenye mfuko mmoja mdogo, na unaweza kuvifunga mwenyewe pale pale ulipogundua taa imekufa, bila kusubiri gereji ya mji unaofuata.